Kabla fuso haijaondoka na msaada, fikiria taka kwanza

Jamani, mafuriko yakipiga sehemu watu wanaanza kuchangishana kwenye magrupu, siku mbili tu fuso imejaa, na kwa kweli hilo ni jambo zuri sana. Ila kuna kitu nataka tukipange mapema kabla ya masika. Kule tunakopeleka mzigo hamna gari la taka. Vyoo vimejaa maji, shimo la taka limezolewa, watu wamelala madarasani au kwenye mahema, kwaiyo chochote utakachoshusha pale, na boksi lake na nailoni yake, kinabaki palepale na wao.

Aprili 2024 Rufiji ilipofurika tulienda na maji ya chupa, katoni kwa katoni. Watu walikunywa, wakatushukuru, na mi nilifurahi kabisa. Siku ya tatu nikaona chupa tupu zimejaa mtaroni pembeni ya hema, usiku mvua ikanyesha tena, asubuhi hakuna hata moja, zote zimeenda na maji. Na ni mto huohuo watu wanavua samaki. Iliniuma sana. Sasa hivi naanza na hesabu: mtu anahitaji kama lita 3 za kunywa kwa siku, watu 200 kwa siku 5 ni lita 3,000, yaani chupa 6,000 za nusu lita. Hiyo hela ni bora inunue madumu ya lita 20 yenye mifuniko, ndoo za bomba, na vidonge vya kutibu maji, maana dumu mama anabaki nalo miaka na miaka. Maji yakiwa ya tope yaacheni yatulie kwanza, myachuje kwa kitambaa safi ndo mtie dawa, la sivyo dawa haifanyi kazi vizuri. Chupa bebeni za siku ya kwanza na za wagonjwa, basi.

Alafu kabla ya kununua chochote piga simu kule, kwa mtendaji wa kijiji au kamati ya maafa ya wilaya, uliza wanataka nini. Hanang Desemba 2023, baada ya yale maporomoko ya tope, watu walikuwa kwenye baridi ya chini ya mlima, wanahitaji blanketi. Rufiji ni joto na mbu, wanahitaji neti. Ukibeba kinyume umebeba taka. Nguo zichambueni huku mjini, iliyochanika au chafu isipande gari, kwa sababu ikifika haivaliwi, inalowa inaoza.

Dawa ndo kabisa, msikusanye majumbani. Baada ya tsunami ya 2004 kule Aceh, Indonesia, zilimiminika tani kama 4,000 za dawa, nyingi hazikuwa kwenye orodha ya dawa ya nchi ile, nyingine maandishi yake hayasomeki na wahudumu wa pale, ikabidi watu walioko kwenye maafa watafute namna ya kuziteketeza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka dawa ya msaada ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kama mna hela ya dawa, muulizeni mganga mkuu wa wilaya anakosa nini.

Chakula nunueni kwa viroba vya kilo 25 au 50, sio vipakti vidogo, kiroba kikiisha kinakuwa mkeka au ukuta wa bafu. Mifuko ya plastiki hapa Tanzania tumeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, isirudi kwa mgongo wa msaada. Na fikirieni kuni, hili watu hawalioni kama uchafuzi lakini ni kubwa. Mwaka 1994 wakimbizi kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja wakaingia Ngara, ikawa kambi ya Benaco, na miti ya pale ilikwisha kwa kupikia. Maharage makavu yanakula kuni masaa, choroko zinaiva upesi. Kama ni maharage basi yalowekwe usiku, sufuria ziwe na mifuniko, na jiko liwe la pamoja badala ya kila familia na mafiga yake.

Na sisi tunaoenda tukiwa 30 tunajisaidia wapi? Haiti mwaka 2010 kipindupindu kilitoka kwenye maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na mto, watu karibu 10,000 wakafa. Choo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sehemu kama Rufiji ambako ukichimba kidogo tu maji haya hapa, kinyanyuliwe juu, msichimbe.

Mwisho kabisa, fuso inarudi tupu. Kubalianeni na dreva kabla ya safari, na muandike kwenye bei, kwamba atarudi na viroba vya chupa, makopo na betri mbovu hadi mjini, na awepo mtu mmoja mwenye jina ambaye kazi yake ni hiyo tu, maana ikiwa ni kazi ya wote, jioni mkishachoka hakuna anayeifanya.