Kabla ya Kurusha Roketi ya Hatua Mbili: Mambo ya Kuangalia Mezani na Uwanjani

Mtu aliyekwisha kuzoea roketi ndogo za karatasi ngumu zenye mota moja hafiki mbali kabla hajatamani seti ya hatua mbili. Boksi lina picha nzuri, bei haitishi, na ukilifungua unakuta vitu unavyovijua: mabomba ya karatasi, mapezi ya mbao nyepesi ya balsa, pua ya plastiki, parachuti. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Hii si roketi ileile iliyorefushwa. Ni roketi mbili zenye kazi tofauti, na ya chini ina jukumu moja la mwisho, nalo ni kuiwasha ya juu kisha kujiondoa. Hakuna saa wala kompyuta inayosimamia makabidhiano hayo. Yakienda vizuri au vibaya, sababu yake karibu kila mara ilikuwa mezani tangu jana.

Nazungumzia seti zinazouzwa hapa Marekani, za kampuni kama Estes ya Penrose, Colorado, zinazotumia mota za baruti nyeusi. Ndizo zinazopatikana kirahisi madukani, na ndizo watoto wetu wanazokuja nazo nyumbani wakitaka msaada.

Anza na mota, hata kabla ya kufungua gundi. Kwenye ganda la kila mota kuna maandishi kama B6-4. Herufi inaonyesha kundi la nguvu yote ya mota, na kikomo cha kila kundi ni mara mbili ya lililotangulia: A haizidi nyutoni-sekunde 2.5, B haizidi 5, C 10, D 20. Namba ya kwanza ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri, tangu mota inapomaliza kusukuma mpaka baruti kidogo iliyo mbele inapolipuka na kutoa parachuti.

Mota ya chini lazima iishie na sifuri: B6-0, C6-0, D12-0. Sifuri hiyo haisemi kwamba parachuti itatoka papo hapo. Inasema kwamba mota haina kabisa sehemu ya kusubiri wala baruti ya parachuti. Baruti yake huungua kutoka nyuma kwenda mbele, na moto unapokaribia mwisho, ukuta mwembamba uliobaki hupasuka na kutema gesi na chembe za moto moja kwa moja kwenye tundu la mota ya juu. Kuwasha kwa hatua ya pili ni huko tu. Sasa fikiria umekosea ukaweka C6-5 chini. Roketi itamaliza kusukumwa, itapoteza mwendo kwa sekunde tano, pengine iwe imeshainamisha pua, na ndipo ya juu iwake kuelekea majani au watu. Ukikosea kinyume chake, ukaweka C6-0 juu, moto utapasukia kwenye parachuti wakati roketi iko kwenye kasi yake kubwa kabisa, na utakachookota ni vipande. Kwa hiyo mota ikitoka kwenye pakiti, ichukulie kalamu ya wino mzito uandike CHINI au JUU kwenye ganda. Unachoandika nyumbani kwa utulivu ndicho kitakachokuokoa uwanjani, watoto watano wakiwa wanakuuliza tunarusha saa ngapi.

Mota ya juu nayo ina tabia yake. Utaona zinazopendekezwa ni A8-5, B6-6 au C6-7, zenye kusubiri kurefu. Hatua ya juu inawaka ikiwa tayari ina mwendo, tena ni nyepesi kwa kuwa mzigo wa chini umeshaachwa, hivyo inapomaliza kuwaka huendelea kupanda muda mrefu. Parachuti ikitoka mapema itachanika.

Kwa safari ya kwanza chagua mota ndogo kabisa katika zile zilizotajwa kwenye maelekezo ya seti yako. Sisemi hivi kwa woga. B6-0 huwaka kwa muda usiofika sekunde moja, C6-0 karibu sekunde mbili, na muda huo wa ziada ni nafasi ya roketi nzito kuinamia upepo. Ikishainama, hatua ya juu huwaka na kuipeleka kwa kasi zaidi kulekule ilikoelekea. Roketi ya mota moja iliyoinama hukuletea matembezi marefu, lakini ya hatua mbili inaweza kukuletea kesi na mwenye gari.

Chukua mizani ya jikoni upime roketi nzima ikiwa na mota zote mbili na parachuti ndani. Kanuni inayotumika sana ni kwamba msukumo wa wastani uwe angalau mara tano ya uzito. B6 na C6 zote zina nyutoni 6. Gawanya kwa tano, unapata nyutoni 1.2, yaani kama gramu 120. Ukizidi hapo, usijipe moyo kwamba C ni kubwa kuliko B. C6 haisukumi kwa nguvu zaidi ya B6, inasukuma kwa muda mrefu zaidi. Roketi nzito inahitaji D12 au nyingine yenye kipenyo cha milimita 24, kama seti yako imetengenezewa mota hizo.

Baada ya hapo njoo kwenye kiungo cha katikati, na hapa usiwe na haraka. Katika seti nyingi ndogo mota mbili hugusana kichwa kwa mkia, zikafungwa pamoja kwa selotepu ya kung'aa, mzunguko mmoja tu. Selotepu hiyo ina kazi ya kuzuia mota zisiachane pale moto unapopasukia juu, kwa sababu zikiachana mapema hata kidogo, gesi hutawanyika na ya juu haiwaki. Kisha mota ya juu ikishika moto, selotepu hukatika na hatua ya chini huanguka. Selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, ikizungushwa mara tatu, ni ngumu mno kwa kazi hii. Iache kwa kazi nyingine ya kuongeza unene wa mota ili ikae imara ndani ya bomba lake.

Seti nyingine huacha nafasi kati ya mota mbili, na utaona maelekezo yanataka utoboe matundu madogo karibu na kilele cha hatua ya chini. Wapo wanaoyaruka kwa kuona yanaharibu sura. Nafasi ile imejaa hewa ya kawaida, na moto ukija kwa kishindo huisukuma hewa hiyo mbele. Isipopata pa kutokea, inazitenganisha hatua mbili kabla chembe za moto hazijafika. Toboa.

Jaribu pia jinsi hatua mbili zinavyoingiana. Shika ya juu, vuta ya chini kwa vidole viwili. Itoke bila kubishana, wala isichezecheze. Rangi iliyoingia kwenye kiunganishi, au karatasi iliyovimba kwa unyevunyevu, hukaza kiungo ambacho wiki iliyopita kilikuwa sawa. Msasa laini, mizunguko michache, jaribu tena. Rudia jaribio hili asubuhi ya siku yenyewe. Roketi ya Scout iliyopeleka satelaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na hatua nne, na kila moja ililazimika kuachia kwa wakati wake. Wewe una kiungo kimoja tu cha kukifikiria.

Ujenzi wenyewe sitaueleza wote, maana maelekezo ya seti yanatosha. Nitagusa gundi na uwiano tu. Kwa karatasi na balsa, gundi ya seremala inashinda zile za kukauka mara moja. Kiungo chake huwa imara kuliko karatasi yenyewe. Ila ina maji. Unapoingiza kishikio cha mota ndani ya bomba, karatasi inayanywa yale maji na kuvimba, na ukisita katikati kwa sekunde chache tu kuangalia kama umefika, kinaganda hapohapo na hakuna mkono utakaokitoa. Weka alama ya penseli pa kuishia, pima kwanza bila gundi, halafu sukuma kwa mwendo mmoja. Mapezi yakatwe mishipa ya mbao ikiwa sambamba na ukingo wa mbele, la sivyo yatavunjika siku ya kwanza.

Uwiano upimwe mara mbili. Roketi hunyooka angani kama kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa angalau upana mmoja wa bomba. Mchoraji wa seti ameshalihesabu hilo, na ndiyo maana mapezi ya hatua ya chini huwa makubwa. Lakini wewe unaweza kuliharibu kwa gundi na rangi nyingi mkiani. Funga uzi pale roketi inapolala sawasawa ikiwa na mota zote, uushike na selotepu kidogo ya karatasi ili usiteleze, kisha uizungushe kichwani kwa uzi wa mita mbili hivi. Ikitangulia pua, vizuri. Ikienda ubavu au kinyumenyume, ongeza uzito kidogo kwenye pua. Halafu toa hatua ya chini ufanye hivyohivyo kwa ya juu peke yake, kwa sababu dakika hiyohiyo angani itakuwa roketi nyingine yenye uwiano mwingine.

Parachuti ipakwe poda kidogo ili plastiki isishikane, hasa siku ya baridi, na chini yake ziingie karatasi maalumu zisizoshika moto. Karatasi ya chooni haifai, huwaka na kushuka na cheche kwenye majani. Hatua ya chini kwa kawaida haina parachuti, hupinduka-pinduka na kuanguka polepole. Ipake rangi kali ya chungwa. Nyeupe nzuri ya picha haionekani kwenye nyasi ndefu.

Kuhusu uwanja, chama cha kitaifa cha warusha roketi ndogo wa Marekani, NAR, kilichoanzishwa mwaka 1957, kina kanuni ambazo viwanja vingi huzifuata. Wengi huzisoma kwa kuangalia mota moja tu. Kinachohesabiwa ni jumla ya zote. C6-0 pamoja na C6-7 ni sawa na kundi la D, na uwanja unatakiwa uwe na upana usiopungua futi 500, karibu mita 150. D mbili zinakupeleka kundi la E, na kipimo kinaruka hadi futi 1,000. Kiwanja cha mpira cha shule kilichokuwa kikikutosha hakikutoshi tena. Upepo usizidi kilomita 32 kwa saa kwa mujibu wa kanuni. Kwa hatua mbili mimi naona nusu ya hapo ndiyo mwisho wa busara. Fimbo ya kurushia isiinamishwe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima, na kwa roketi hii isimamishe wima kadiri upepo unavyoruhusu. Ondoa majani makavu kuzunguka jukwaa, weka ndoo ya maji karibu.

Kiwashio cha umeme kinaingia kwenye mota ya chini peke yake, ncha yake iguse baruti, kisha kifunikwe na kizibo chake. Cha mota ya juu kibaki kwenye boksi. Ufunguo wa usalama wa kidhibiti, yaani kile kifaa cha kubonyeza ili kurusha, ukae mfukoni mwa yule anayeunganisha nyaya, si mkononi mwa mtoto anayesubiri kubonyeza. Kwa mota za D kushuka chini kanuni inataka watu wasimame futi 15, zaidi ya hapo futi 30, yaani mita 9. Mara ya kwanza chukua hizo 9 hata kama mota zako ni ndogo. Isipowaka, toa ufunguo, ngoja dakika nzima, ndipo usogee.

Mota zenyewe zihifadhiwe mahali pakavu penye baridi ya kawaida. Usiziache kwenye buti la gari wakati wa kiangazi: joto na baridi zikipokezana, baruti hujitenga na ganda, na siku ya kuwashwa mota hupasuka. Na kwa anayetaka kumpelekea mpwa wake Dar au Mombasa zawadi, beba seti, acha mota. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya ndege, iwe ya mkononi au ya chini, na huko ziendako baruti ni jambo la vibali vya serikali. Mtoto atajifunza mengi kwa kuijenga tu.

Wagawe watazamaji kabla ya kuhesabu tano. Mmoja afuate hatua ya chini kwa macho mpaka itue, mwingine asiiachie ya juu, na wote wawe wamesimama, hakuna aliyekaa kivulini akiangalia simu. Hatua ya juu isipowaka haina cha kutoa parachuti. Itarudi pua chini, kimya, kwa kasi. Ukiikuta imejichimbia ardhini na mota yake haijaungua, ingoje kidogo, itoe mota, na usiirushe tena hata kama inaonekana nzima. Itumbukize kwenye ndoo ileile ya maji mpaka ganda lilainike na baruti isambaratike, kisha itupe na taka.