Skrini ya bluu inayojirudia: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kupiga Windows upya

Katika ofisi nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, kompyuta mpakato ikishaonyesha skrini ya bluu, yaani ukurasa wa hitilafu unaotokea Windows inapokwama kabisa, mara mbili au tatu, uamuzi unaofuata huwa ni mmoja: aitwe fundi apige Windows upya. Uamuzi huo hufaa pale ambapo faili za mfumo endeshi zenyewe zimeharibika. Lakini ikiwa chanzo ni ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyolegea, diski inayokaribia kufa, au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ambayo Windows mpya itaipakua tena ndani ya saa moja, ofisi hupoteza siku nzima ya kazi, mhasibu hupoteza mipangilio ya programu yake ya mahesabu, na skrini ya bluu hurudi juma linalofuata.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayesimamia kompyuta za ofisi na mwenye nywila ya akaunti ya msimamizi, nao unahusu Windows 10 na Windows 11. Tangu mwaka 2025, Windows 11 toleo la 24H2 imeanza kuonyesha skrini nyeusi badala ya ya bluu. Rangi imebadilika, lakini misimbo inayoandikwa hapo na namna ya kuifuatilia ni ileile.

Hatua ya 1: Linda data na ufunguo wa diski

Kabla ya kugusa chochote, nakili nyaraka za mtumiaji kwenye diski ya nje, kwa sababu huwezi kujua mapema kama tatizo liko kwenye diski yenyewe. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `manage-bde -status` ili uone kama diski imefungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuifunga diski kwa ufunguo wa siri. Ikiwa imefungwa, andika `manage-bde -protectors -get C:` na unakili ufunguo wenye tarakimu 48 utakaoonekana, kisha uutunze nje ya kompyuta hiyo. Ni kawaida kompyuta ya ofisi kuwa iliandaliwa kwa akaunti binafsi ya mtumishi ambaye amekwisha kuhamishwa kituo, na ufunguo ukaondoka naye. Ukiuchukua leo, kompyuta ikiwa bado inawaka, hutahangaika kumtafuta mtu huyo kwa simu siku itakapokataa kuwaka.

Hatua ya 2: Hakikisha ushahidi unabaki

Kwa kawaida Windows imepangwa kujiwasha upya mara tu baada ya hitilafu, na ndiyo maana watumiaji wengi husema tu kwamba kompyuta imejizima yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, fungua kichupo cha Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye Automatically restart, na uhakikishe kwamba chini ya Write debugging information pamechaguliwa Automatic memory dump au Small memory dump. Tangu hapo, kila skrini ya bluu itaacha faili dogo, ambalo mafundi huliita dampu, ndani ya `C:\Windows\Minidump`. Faili hilo ni jepesi kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp kama nyaraka, jambo linalosaidia sana pale kompyuta iko Makete au Chunya na wewe uko Mbeya mjini.

Ukikuta folda hiyo ni tupu ingawa mtumiaji anaapa kwamba ameiona skrini ya bluu, angalia mambo mawili. La kwanza ni programu za kusafisha kompyuta, ambazo hufuta dampu zikidhani ni takataka. La pili ni faili la kurasa, yaani pagefile, ambalo Windows hulitumia kuisaidia ramu: ikiwa kuna mtu alilizima kwenye diski ya C ili kuongeza nafasi, Windows haina mahali pa kuandikia dampu.

Mwombe pia mtumiaji aweke daftari na aandike saa ya tukio, alichokuwa akifanya, vifaa vilivyokuwa vimechomekwa, na kama kompyuta ilikuwa kwenye betri, umeme wa kawaida au jenereta. Skrini yenyewe aipige picha kwa simu. Kwa maoni yangu daftari hili lina thamani kuliko programu yoyote ya uchunguzi, kwa kuwa hitilafu inayojirudia huwa na mazingira yake, na mazingira hayo hayaandikwi ndani ya dampu.

Hatua ya 3: Tenganisha skrini ya bluu na kuzimika kwa ghafla

Haya ni matatizo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza muda mwingi zaidi. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio ya kompyuta, ingia Windows Logs kisha System, na utafute tukio namba 41 kutoka Kernel-Power na tukio namba 1001 linalotaja bugcheck, yaani hitilafu iliyoleta skrini ya bluu. Tukio la 41 husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu, halitaji chanzo. Ndani ya maelezo yake ya kina kuna mstari ulioandikwa BugcheckCode. Namba iliyo hapo imeandikwa kwa mfumo wa kawaida wa desimali, wakati misimbo unayoisoma kwingine huwa ya heksadesimali, yaani ya kuhesabu kwa kumi na sita, hivyo 159 ni sawa na 0x9F na 292 ni sawa na 0x124. Kikokotoo cha Windows, kikiwekwa hali ya Programmer, hubadilisha namba hizi papo hapo.

Ikiwa BugcheckCode ni sifuri, mara nyingi hakukuwa na skrini ya bluu kabisa, na huna sababu ya kuhangaika na draiva kwanza. Angalia betri na chaja. Kompyuta ambayo betri yake imekufa hutegemea chaja peke yake, na umeme ukiyumba kidogo tu huzimika hapo hapo. Amri ya `powercfg /batteryreport` hutengeneza ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa.

Baada ya umeme, angalia joto. Watu wa nyanda za juu huamini kwamba baridi ya hapa inatosha kuipoza kompyuta, lakini jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na hubeba joto pungufu inapopita kwenye feni. Ukiongeza vumbi la kiangazi, hasa kwa kompyuta zinazosafirishwa kwenye barabara zisizo na lami, unapata matundu yaliyoziba na feni inayovuma bila kutoa hewa. Fungua, safisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, na ubadilishe grisi ya prosesa ikiwa imekauka.

Hatua ya 4: Soma msimbo kwa akili, si kwa kuukariri

Msimbo mmoja ukijirudia kila mara, huelekeza mahali fulani. Misimbo ikibadilika kila tukio bila mpangilio, shuku kwanza ramu, kwa sababu ramu mbovu huharibu chochote kilichohifadhiwa ndani yake, na kila mara anayeumia huwa mwingine.

DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, yaani 0x9F, hutokea mara nyingi kompyuta inapolala au kuamka, na maana yake ni kwamba draiva fulani, mara nyingi ya WiFi, ya picha au ya kifaa cha USB, haikuitikia mabadiliko ya hali ya umeme. Mtumiaji atakuambia kwamba tatizo huja akifunga kifuniko na kuondoka kwenda mkutanoni. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, 0x124, ni taarifa kutoka kwenye maunzi yenyewe, yaani vifaa vya ndani ya kompyuta: prosesa, ubao mama, joto au umeme, na mara chache baiosi (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) ya zamani. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, 0x7A, humaanisha kwamba Windows ilishindwa kusoma data kutoka kwenye diski, na inapoonekana, kazi ya kunakili nyaraka isisubiri kesho. MEMORY_MANAGEMENT, 0x1A, huelekeza kwenye ramu, ingawa draiva mbovu inaweza kuileta pia. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 0xA, kwa kawaida ni draiva iliyogusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa.

Ili kuona draiva iliyohusika, fungua dampu kwa BlueScreenView ya NirSoft, ambayo ni programu ndogo isiyohitaji kusakinishwa. WinDbg ya Microsoft, kwa amri ya `!analyze -v`, hutoa maelezo ya kina zaidi, lakini hupakua faili za kutafsiria dampu kutoka intaneti, kwa hiyo itumie pale ambapo bando linaruhusu. Programu ikimtaja `ntoskrnl.exe`, usikimbilie kumlaumu: huyo ni kiini cha Windows yenyewe, na mara nyingi hutajwa kwa sababu ndiye aliyekuwa kazini hitilafu ilipotokea. Tafuta jina jingine linalojirudia katika dampu kadhaa.

Hatua ya 5: Linganisha na kompyuta nyingine za ofisi

Kompyuta moja ikianguka peke yake, kila kitu bado kinashukiwa. Zikianguka nyingi siku moja kwa msimbo mmoja, ondoa maunzi kwenye orodha na uulize ni sasisho gani limeingia. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, na tiba yake ilikuwa kuingia hali salama (Safe Mode), ambapo Windows huwaka na mambo ya lazima tu, na kufuta faili moja. Waliopiga Windows upya siku hiyo walifanya kazi ambayo haikuhitajika.

Hatua ya 6: Shughulikia draiva, moja baada ya nyingine

Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia namba ya utambulisho iliyobandikwa chini yake. Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kifaa husika na uchague Roll Back Driver. Ziondoe kabisa programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, na usiruhusu antivirusi mbili kukaa katika kompyuta moja.

Badilisha kitu kimoja, kisha subiri. Ukibadilisha draiva tatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua ni ipi ya kurekebisha katika kompyuta nyingine kumi za aina hiyohiyo.

Kumbuka vilevile kwamba, Fast Startup, yaani mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, ikiwa imewashwa, mtumiaji anayechagua Shut down kila jioni hazimi kiini cha Windows. Kiini hicho huhifadhiwa na kurudishwa asubuhi pamoja na kasoro zake. Ni Restart ndiyo inayoanza upya kikamilifu. Kwa msimbo wa 0x9F, mimi huizima Fast Startup kabla ya jambo jingine lolote.

Baiosi isasishwe betri ikiwa nzima na imejaa, chaja ikiwa imechomekwa, na BitLocker ikiwa imesimamishwa kwa muda. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye kompyuta yenye betri mfu, ubao mama unaweza usiwake tena.

Hatua ya 7: Pima ramu na diski

Andika `mdsched.exe`, kipimo cha ramu cha Windows yenyewe, na ukiache kiende usiku. Kwa uhakika zaidi tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja linatosha kuikataa ramu. Kabla ya kununua nyingine, itoe, pangusa meno yake ya kuchomekea, irudishe vizuri na upime tena, kwa maana mitikisiko ya safari huilegeza. Katika kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, angalia kama kuna vipande viwili vya ramu visivyofanana. Pima kila kimoja peke yake. Kwa diski, CrystalDiskInfo huonyesha afya yake kwa haraka. Usiendeshe `chkdsk /r`, amri ya kukagua diski nzima, kwenye diski inayoonyesha dalili za kufa kabla ya kunakili data, kwani usomaji huo mrefu unaweza kuimaliza.

Hatua ya 8: Faili za mfumo

Ili kurekebisha faili za Windows zilizoharibika, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha `sfc /scannow`. Basi.

Hatua ya 9: Kipimo cha mwisho, na uamuzi

Ikiwa draiva bado haijajulikana, Driver Verifier, kwa amri ya `verifier`, huzibana draiva ulizozichagua mpaka iliyo mbovu ianguke waziwazi. Chagua zisizo za Microsoft pekee, na ujue kwanza namna ya kuingia hali salama na kuandika `verifier /reset`, kwa kuwa kompyuta inaweza kuanguka kila inapowaka.

Hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana, na kutumike kama kipimo: weka Windows kutoka chanzo rasmi na draiva za mtengenezaji tu, bila programu nyingine. Muda wa kuangalia utegemee daftari. Kompyuta iliyokuwa ikianguka mara moja kwa juma haijapona kwa kukaa siku tatu. Skrini ya bluu ikirudi katika hali hiyo, huku ramu na diski zikiwa zimepita vipimo, kilichobaki kwa kiasi kikubwa ni ubao mama. Ikiwa dhamana bado ipo, peleka kompyuta pamoja na nakala ya misimbo, tarehe zake na matokeo ya vipimo. Ikiwa imekwisha, uliza bei ya ubao kabla ya kukubali matengenezo, kwani kwa kompyuta ya zamani bei hiyo mara nyingi hukaribia ya kununua nyingine iliyotumika.