Tenda za manispaa Mtwara: unaziombaje ukiwa na kiduka chako tu

Wengi hapa mjini bado wanaamini tenda za manispaa ni za watu wa Dar wenye magari makubwa. Zamani sibishi, ila tangu 2023 manunuzi ya serikali yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwahiyo hata fundi cherehani wa Chikongola analiona tangazo sawa na mwenye kampuni Kariakoo.

Kwanza karatasi: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara iliyo hai, namba ya NIDA, na imeili ambayo paswedi unayo wewe. Usicheke, watu wanafunguliwa imeili na kijana wa stesheneri, kijana akihama na tenda imeondoka. Ukijisajili chagua aina ya biashara unayofanya kweli, maana kama hujaweka chakula, tenda ya chakula huombi hata kama samaki wako wa kupaka anasifika mpaka Mikindani.

Kina mama, vijana, wazee na wenye ulemavu, nyie jiungeni kikundi. Sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, ila lazima kikundi kitambulike, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Sasa bei, hapa ndo tunapoumia. Usipige bei ya dukani ukaongeza buku mbili ukadhani umemaliza, weka usafiri, weka kodi ya zuio wanayoikata kwenye malipo yako (bidhaa wanakata asilimia 2, huduma 5), halafu weka na kusubiri, kwasababu hela ya serikali inakuja lakini haina haraka. Mimi kuna ofisi niliipelekea mzigo nikalipwa baada ya miezi minne, msimu wa korosho umeanza watu wana hela mtaani na mtaji wangu wote umelala kwao, nabaki kuangalia wenzangu wanauza. Siku hizi naanza na tenda ndogo ambayo ikichelewa watoto bado wanakula.

Na ukipigiwa simu "wewe lete tu, LPO itafuata" (LPO ni hati ya ofisi ya kuagiza mzigo), kataa kwa adabu. Bila LPO huna cha kudai. Ukishusha mzigo dai saini ya aliyepokea palepale, kesho atakuwa safarini Dodoma.

Maombi tuma siku mbili kabla, muda ukifika mfumo unafunga wenyewe, hauna habari kwamba umeme ulikatika Magomeni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango ya manunuzi inawekwa humohumo NeST, ipitie mapema ujue nani atataka nini.