Namna ya kumsoma Talbot Mundy, bingwa wa hadithi za kusisimua aliyesahaulika

Anza na kitabu chake The Ivory Trail, kilichotoka 1919. Kinapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na kinafunguka Unguja: wanaume wanne wanasikia kwamba Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alificha shehena kubwa ya pembe za ndovu huko bara, wakaazimia kuitafuta. Soma sura moja kwa usiku mmoja. Mundy aliwaandikia wasomaji wa majarida, waliozoea kungoja fungu lijalo, na ukikimaliza kwa mkupuo utachoshwa na kukimbizana kwingi. Zile beti zinazotangulia sura zisome kwa sauti.

Mjue naye mwenyewe. Alizaliwa London 1879 akaitwa William Lancaster Gribbon. Kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1909 aliishi huku kwetu, akawinda ndovu kwa magendo, akawa karani wa mji wa Kisumu, akafungwa. Uchovu wa msafara anaoueleza aliuonja.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kiwe karibu nawe kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Kila Mundy anapoitaja ile hazina, rudi kwa Tippu Tip mwenyewe. Utamkuta mfanyabiashara anayehesabu frasila, kile kipimo cha zamani cha uzito, aliyechukua mali kwa mkopo kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mtu mwenye deni la namna hiyo pembe huzishusha pwani akauza. Azifukie porini za nini? Hapo ndipo utakapouona ufundi wa Mundy, kwani hata ukishajua kwamba hazina ile haiingii akilini, bado utataka kujua nani ataifikia kwanza.

Waafrika, Waarabu na Wahindi anawatazama kwa jicho la mkoloni, na kuna kurasa zinazoudhi kweli. Usiziruke. Mshike Kazimoto, mbeba bunduki wao, ujiulize kila kambi: yeye angeisimuliaje safari hii? Mimi swali hilo limenifanya nikipende kitabu zaidi, kwa kuwa sasa nasoma safari mbili.

Ukishamzoea, mfuate Tros of Samothrace, hadithi zilizoanza kutoka 1925 katika jarida la Adventure. Humo Julius Caesar ndiye adui, jambo lililozusha mabishano makali kwenye kurasa za barua za jarida hilo. Ni ndefu sana, hivyo chukua ya kwanza peke yake, ile ya Caesar kuivamia Uingereza.