Niipige mwenyewe au nimwite fundi? Jinsi ya kuamua kabla hujashika nyundo

Wadau, kila mtu akitaka kukarabati nyumba swali la kwanza ni hela, fundi anataka kiasi gani na nikifanya mwenyewe nitaokoa kiasi gani. Mi naomba leo tuanze kwingine kabisa. Nimekaa kwenye nyumba yangu hapa Dar nikiirekebisha kidogo kidogo kwa miaka, nyingine nimepiga mwenyewe nyingine nimemwachia fundi, na kilichonifaa kuliko hesabu zote ni swali moja: hii kazi ikiisha itabaki juu inaonekana, au itafukiwa?

Rangi inabaki juu. Ukikosea utaiona kesho asubuhi, unapiga tena, umepoteza kopo na jasho basi. Lakini bomba likishapita ndani ya ukuta, waya ukishafunikwa na plasta, sakafu ya bafu ikishalazwa tailizi, kosa lililoko mle ndani hulioni leo wala wiki ijayo, utaliona baada ya miezi sita na kulirekebisha maana yake unavunja kila kizuri ulichoweka juu yake. Kinachofukiwa mpe fundi. Kinachobaki juu jaribu mwenyewe.

Hili nimelijua kwa kuumia. Nililaza tailizi za bafu mwenyewe, nikapanga spesa (vile vijiplastiki vya kuachanisha tailizi), nikapiga grauti ya kuzibia mianya, watu wakaja wakasifia kweli. Baada ya miezi kadhaa ukuta wa chumba cha pili ukaanza kututumka rangi, nikadhani fangasi, nikakwangua nikapaka, ikarudi tena. Fundi aliyekuja kuangalia akamwaga ndoo ya maji tu akasema angalia yanaelekea wapi. Yalikuwa yanaelekea mlangoni, sio kwenye tundu la kutolea maji. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kuelekea kwenye tundu kama sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, na kabla ya tailizi unapaka ile dawa ya kuzuia maji sakafu yote mpaka kwenye kona za chini, mi vyote viwili sikuvifanya. Tukavunja bafu zima. Zile tailizi hazikupona hata moja.

Sasa tuanze na rangi maana ndo kazi ya kwanza kila mtu anaitaka, na kwa kweli usiogope, ifanye. Kwangua iliyobanduka, piga msasa, ziba vitundu kwa pati (ule uji mzito wa kuzibia ukuta), msasa tena, futa vumbi, praima (rangi ya chini ya kushikiza), afu rangi yenyewe koti mbili. Ukuta ukiwa na rangi ya mafuta ya zamani halafu unataka kuweka ya maji juu yake lazima uukwaruze vizuri kwa msasa na upige praima, la sivyo itamenyuka kama ganda. Ila kwenye nyumba za zamani sana vumbi la hiyo rangi ya mafuta linaweza kuwa na madini ya risasi, kwahiyo lowanisha ukuta kwanza, vaa barakoa, na watoto wasiwepo kabisa.

Hesabu yake iko hivi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta za mita 3, ukizunguka unapata mita 15, mara 3 ni mita za mraba 45, toa mlango na dirisha inabaki kama 41. Koti mbili ni 82. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 8 mpaka 10, kwahiyo unahitaji lita 9 au 10 hivi. Makopo matatu ya lita 4, bakaa weka ya kuzibia madoa baadae.

Lakini kabla hujanunua hata hilo kopo, chunguza ukuta wenyewe una nini. Sisi watu wa pwani tunajua kuta zinazomenyuka chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, na unga mweupe juu yake. Ile ni chumvi, maji yanapanda toka ardhini kupitia tofali, au nyumba ilijengwa kwa mchanga na maji ya chumvi, na unyevu unapokauka unaiacha chumvi nje inaisukuma rangi. Hakuna rangi ya bei yoyote inayotibu hiyo. Bandika nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kaa siku mbili. Maji yakionekana upande wa ndani unaogusa ukuta basi unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe, hiyo sio kazi ya rola tena, hapo unahitaji fundi anayejua kuvua plasta na kuzuia maji toka chini. Maji yakiwa upande wa nje wa nailoni basi ni mvuke wa chumbani, fungua madirisha, endelea na rangi yako.

Umeme sitaki kuzungusha maneno. Kubadili taa, kubadili kava la soketi ukiwa umezima meini swichi na umepima kwa testa, sawa. Zaidi ya hapo hapana. Chukua mfano wa hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo, watu wananunua wanaunga kwenye waya wa taa maana uko karibu. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 24, na waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5 ambao haujatengenezwa kubeba mzigo huo, utapata moto mle ndani ya ukuta na wewe huoni. Inatakiwa waya wake peke yake mnene, breka yake peke yake, na erthi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ya uhakika kwasababu umesimama kwenye maji. Huku bara mafundi umeme wanapewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, muombe akuonyeshe, wala usione aibu, aliyenayo haoni tabu kuitoa. Fundi wa mtaani anaweza kuwa mzuri sana ila maisha ya watoto wako usiyaweke kwenye "anaweza".

Kuta na nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, ziba mwenyewe. Ufa unaokata mshazari toka kona ya dirisha au unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, chora mistari miwili ya penseli pande zote za ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe hapohapo ukutani. Baada ya mwezi pima tena. Ukiongezeka, huenda msingi unatembea, mtafute injinia. Na ukitaka kuvunja ukuta uunganishe sebule na dainingi usianze kabla mtu anayejua hajakwambia ule ukuta umebeba nini juu yake, afu pitia halmashauri ujue habari ya kibali. Paa nalo mwachie fundi, kuanguka toka juu hakuna marudio. Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni lile la asbesto usilikate wala kulitoboa, vumbi lake linaingia kwenye mapafu halitoki.

Kwenye kazi nyingi huna haja ya kuchagua upande mmoja. Gawanya. Bafu la pili nililigawa hivi: kuvunja tailizi za zamani na kutoa kifusi mimi na mdogo wangu, mabomba na mteremko na dawa ya maji fundi, kulaza tailizi fundi, silikoni na kioo na rangi ya juu mimi. Vifaa nilinunua mwenyewe, tailizi nikaongeza asilimia 10 za kukatika, na nikahakikisha maboksi yote ni ya toleo moja maana rangi zinapishana.

Ukimwita fundi, usiangalie kazi aliyomaliza jana. Kila kitu kipya kinapendeza. Omba akupeleke kwenye kazi iliyopita masika walau moja. Malipo yawe kwa hatua, mkiandikiana hata kwenye karatasi ya daftari, kuna mmoja nilimpa nusu nzima siku ya kwanza akaondoka kwenda kuchukua mashine na simu ikazimwa, tangu hapo theluthi ndo mwisho wangu. Na kabla kitu hakijafukiwa kijaribiwe: mabomba yajazwe maji yalale usiku mzima kabla ya plasta, sakafu ya bafu izibwe tundu ijazwe maji ikae saa 24 kabla ya tailizi. Fundi akikwambia hamna haja, mwambie hela ya hatua hiyo inasubiri maji.

Afu siku hiyo hiyo kabla ya plasta piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Mwezi uliopita nilitaka kutoboa ukuta wa jikoni nifunge kabati, nikafungua picha kwenye simu nikaona bomba linapita sentimita 40 toka kona, palepale nilipokuwa nimeweka alama ya penseli. Nikasogea pembeni nikatoboa.