Kuzalisha Rhode Island Red wa kiwango rasmi ukiwa Uganda

Sokoni Tororo au Mbale, kuku yeyote mwekundu huitwa "Rhode Island". Wengi wao ni kuku wa mayai wa kisasa, chotara waliozalishwa ili watage sana, na ukiyatotolesha mayai yao unapata vifaranga wa kila namna. Rhode Island Red halisi huzaa wanaofanana naye, kizazi baada ya kizazi. Lakini mbegu hiyo hukaa tu pale mfugaji anapochagua kwa macho, kwa mkono na kwa daftari. Akiacha kuchagua, kinachobaki baada ya miaka michache ni jina.

Hatua ya 1: Kijue kiwango kabla ya kununua

Mbegu hii ilianzia Little Compton, jimbo la Rhode Island, Marekani, katika karne ya 19, wakulima walipopandisha majogoo wekundu wa aina ya Malay kwa majike wao. American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani, kilitoa kitabu chake cha kwanza cha viwango mwaka 1874, na Rhode Island Red wa upanga mmoja (ile nyama nyekundu ya kichwani) akaingizwa mwaka 1904.

Jogoo mkubwa awe na kilo 3.9, jike kilo 2.9, pora (jogoo mchanga) kilo 3.4, tembe (jike mchanga) kilo 2.5. Ukimtazama ubavuni aonekane kama tofali lililolala: mwili mrefu, mgongo umenyooka, kifua kimejaa mbele. Upanga usimame na uwe na meno matano. Macho yawe mekundu na miguu ya njano yenye wekundu. Manyoya ni mekundu yaliyokolea, yanayong'aa, na mkia ni mweusi wenye mng'ao wa kijani. Andika haya kwenye karatasi uibandike mlangoni mwa banda, maana macho huzoea kuku uliyenaye na kuanza kumsamehe.

Hatua ya 2: Pata mbegu, kisha uilinde

Mwombe muuzaji akuonyeshe wazazi wote wawili, na ikiwezekana ndugu zao. Nunua mayai machache kwanza uyatotoleshe: wakitoka vifaranga weupe au wa rangi mchanganyiko, umeuziwa chotara. Ukitaka kuagiza nje, utahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe, na cheti cha afya kutoka nchi ya mifugo hiyo.

Jirani yako huenda anafuga Kuroiler, kuku chotara wa nyama na mayai. Ni kuku mzuri kwa kazi yake, ila jogoo wake akiruka ua wako mara moja tu, mayai hayaaminiki tena. Mbegu ya jogoo hukaa ndani ya jike wiki mbili hata tatu, hivyo mtenge na majogoo wengine kwa wiki nne kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha.

Hatua ya 3: Gawa koo tatu

Tenga mabanda matatu, kila moja na ukoo wake: A, B na C. Kila moja liwe na jogoo mmoja kwa majike wanane hivi. Mabinti hubaki ukoo wa mama zao. Mapora huhama: wa A huenda kwa majike wa B, wa B kwa C, wa C kwa A. Mzunguko huu huchelewesha undugu wa karibu, ambao dalili zake za kwanza ni mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu.

Hatua ya 4: Totolesha kwa kufuata mvua

Maelekezo ya Marekani na Ulaya husisitiza majira ya kuchipua, kwa sababu huko mchana hurefuka na kufupika. Huku kwetu mchana ni saa kumi na mbili au karibu na hapo mwaka mzima, kwa hiyo mimi hutazama mvua. Hupanga vifaranga wadogo wasiangukie Aprili na Mei, maranda yanapolowa na kuhara damu kunapoenea.

Chagua mayai ya ukubwa wa kawaida, ganda zima, yasiyozidi siku kumi. Mashine ya feni iwe nyuzi 37.5, mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaachwe hadi siku ya 21. Umeme ukikatika mara kwa mara unakoishi, mwekee kuku wa kienyeji anayeatamia mayai manane au tisa. Hakuna mashine ninayoiamini kumzidi.

Hatua ya 5: Weka alama siku ya kwanza

Kati ya vidole vya mbele vya kifaranga kuna utando mwembamba, mbili kila mguu. Mshike kichwa kikiwa kiganjani mwako, tandaza vidole, toboa katikati ya utando kwa kitobolea kidogo, na uhakikishe kipande kimetoka chote; kikining'inia, tundu hujiziba. Kwa tando nne unapata alama 16 tofauti. Ziandike kwenye daftari: ukoo, baba, tarehe.

Chanjo za mdondo, Gumboro na ndui ya kuku zifuate ratiba ya daktari wa mifugo wa wilaya yako, bila kuruka hata moja.

Hatua ya 6: Chagua

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Katika wiki ya nane waondoe wenye vidole vilivyopinda, mkia ulioinama upande mmoja, au kichipukizi pembeni mwa upanga. Hayo hayatarekebika.

Wakifikisha miezi mitano mshike kila mmoja. Pitisha kiganja mgongoni kutoka shingo hadi mkia: usisikie bonde wala kilima. Pima upana kati ya mabega, kisha karibu na mkia. Ukipungua sana, mkatae. Umbo kwanza, rangi baadaye, kwa sababu rangi hurekebishwa kwa vizazi vichache na mgongo mbovu hung'ang'ania.

Kisha fungua bawa juani. Unyoya mweupe mzima unaoonekana nje humwondoa kuku kwenye mashindano, ingawa jeraha la zamani nalo huweza kuotesha mmoja. Puliza manyoya ya mgongo uone chini: yawe mekundu hadi kwenye ngozi, yasiwe ya kijivu wala meupe. Jua letu hufifisha rangi, hivyo kuku aliyepauka mhukumu upya akishabadilisha manyoya.

Usikimbilie mizani. Mbegu hii hukua polepole, na uzito wa jogoo mkubwa hufika baada ya mwaka. Wanaokataliwa huuzwa vizuri kwa nyama kuelekea Krismasi, na pesa hizo hununua chakula cha waliobaki. Jogoo aliyefaulu usimwondoe mpaka mabinti zake waanze kutaga na uwe umewashika mkononi, mmoja mmoja, karatasi ya mlangoni ikiwa mbele yako.