SOMO: Sherehe ya nyumbani ya watu 60 ukiwa likizo ndefu na fildi juu (michango, sare, pilau)

Wakuu, kila ikifika Julai inboksi yangu hujaa swali lilelile limebadilisha nguo tu. Mara jubilei ya ndoa ya wazazi, mara mahafali ya dada, mara kipaimara cha mdogo, mara bibi anatimiza miaka 80. Mwulizaji ni mwanafunzi wa chuo, familia imemkabidhi shughuli kwa sababu "wewe si uko likizo", kumbe yuko fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, Jumatatu hadi Ijumaa. Naandika mara moja. Ukija inboksi nitakutumia uzi huu.

Hesabu zote ni za watu 60, uani kwenu, chakula cha mchana, wapishi ni nyinyi wenyewe. Bei siandiki, sokoni zinabadilika kila wiki.

Hatua ya 1: Tarehe. Usipange wiki mbili za mwisho za fildi, ndizo za ripoti na kumsubiri msimamizi. Mwenye sapu (mtihani wa marudio) aangalie ratiba yake kwanza. Kati ya Jumamosi na Jumapili, chagua Jumapili mchana. Jumamosi maturubai na viti vinagombaniwa na harusi, na kama ukoo una Wasabato umewakosa. Kuhusu hali ya hewa, Julai hadi Septemba Dar ni kavu, uani kunafaa.

Hatua ya 2: Kamati. Watu 4: mweka hazina, wa chakula, wa vifaa, wa ibada au dua. Kundi la simu la watu 35 ni la kupashana habari. Hakuna uamuzi unaotoka humo.

Hatua ya 3: Michango. Ahadi si fedha. Fungua daftari lenye safu mbili, ahadi na iliyoingia, kisha panga manunuzi kwa safu ya pili peke yake. Siku ya mwisho ya kupokea iwe siku 10 kabla ya sherehe, kwa sababu kuanzia hapo unalipia maturubai. Namba ya kupokelea iwe moja, ya mweka hazina, na watu waambiwe mapema watume pamoja na ya kutolea. Tozo ndogondogo za watu 40 ukizijumlisha unakuta ni kuku kadhaa.

Hatua ya 4: Sare. Wiki 4 kabla, si 2. Kitenge kinauzwa pisi ya yadi 6: gauni refu la mtu wa umbo la kawaida hula yadi 4, shati la mikono mifupi yadi 2. Kwa hiyo pisi moja ni gauni na shati, au mashati matatu. Nunueni yote siku moja duka moja, maana ukirudi wiki ijayo utaambiwa kile kimekwisha, kuna "kinachofanana". Hakifanani. Mfuko ukiwa mwembamba, kitenge wavae wazazi na watoto wao tu, ukoo mzima mtangazie rangi moja ambayo kila mtu anayo kabatini. Fundi mtajie tarehe iliyo siku 7 kabla ya ile ya kweli.

Hatua ya 5: Pilau. Mchele kilo 8, sufuria MBILI za kilo 4 kila moja, zisiwe chini ya lita 25.

Kwa kila sufuria: nyama ya ng'ombe kilo 3, vitunguu maji kilo 1, viazi mviringo kilo 1 na nusu, mafuta nusu lita, kitunguu saumu na tangawizi gramu 100 kila kimoja, binzari nyembamba vijiko vya chakula 6, pilipili manga kijiko 1 na nusu, mdalasini vijiti 5, iliki punje 20, karafuu punje 20. Chumvi vijiko vya chakula 5. Onja supu kabla ya mchele kuingia: iwe imekolea kidogo kuliko unavyopenda, mchele utainywa.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa ndipo kila mtu anapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Nyumbani tumezoea kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye sufuria ya kilo 4 unapata bokoboko chini na mchele mbichi juu. Sababu ni mvuke. Sufuria ndogo ina mdomo mpana ukilinganisha na kilichomo, maji mengi yanapotea hewani. Sufuria kubwa ina kina, mvuke unazunguka humo humo, na viazi na vitunguu navyo vinatoa maji yao. Kwa sufuria kubwa, kipimo kimoja cha mchele kinataka kimoja na nusu cha maji. Pima kwa chombo kilekile: kilo 4 za mchele ni karibu majagi 5 ya lita moja, basi maji ni majagi 7 na nusu. SUPU YA NYAMA IMO HUMO HUMO. Mimina supu kwenye jagi, ihesabu, kisha jazia maji ya moto. Mchele ulioloweka nusu saa unatosha majagi 6 na robo. Na ukishaosha mchele uache kwenye chujio robo saa, vinginevyo unaingia na maji ambayo hukuyapima.

Onyo la pili: miezi hii sokoni kuna mchele mpya. Mbarali na Kyela wanavuna katikati ya mwaka, na mchele mpya una unyevu, unanukia vizuri ila unashikana. Mwambie muuzaji unataka wa msimu uliopita. Ukikosa, shusha maji hadi majagi 6 na robo bila kuloweka. Pika kikombe kimoja siku tatu kabla uone tabia yake.

Onyo la tatu: maji yakishaingia usikoroge zaidi ya mara mbili. Kila ukikoroga unavunja punje, punje zikivunjika zinatoa uji.

Mwendo wenyewe: nyama ichemke na chumvi hadi ilainike. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia kabisa, weka saumu na tangawizi, nyama, viungo, viazi, kisha supu na maji. Yakichemka ingiza mchele, ungeuze mara moja, funika. Maji yakizama na matundu yakionekana juu, punguza moto wa chini uache makaa machache, funika kwa majani ya mgomba na mfuniko, palia makaa juu. Dakika 35 hadi 40. Mfuniko usiguswe, hata shangazi akitaka kuonja.

Saa: nyama jikoni saa 1 asubuhi, mchele ndani saa 4 na nusu, kupalia kabla ya saa 5 na robo, mezani saa 7. Pilau lisikae vuguvugu. Mgeni rasmi akichelewa, libaki kwenye sufuria limefunikwa na makaa juu. Wali uliokaa saa mbili bila moto unaweza kuumiza matumbo.

Hatua ya 6: Vinginevyo mezani. Kuku 10, kila mmoja vipande 8. Wachinjwe na Muislamu ili kila mgeni ale bila kuuliza. Kachumbari: nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2 vilivyofikichwa kwa chumvi na kusuuzwa, matango manne, ndimu 10. Chumvi na ndimu ziingie wakati wa kupakua, si asubuhi, la sivyo inaogelea. Soda kreti 5, tikiti maji 5.

Hatua ya 7: Vifaa. Maturubai, viti 70, meza 6. Hesabu viti vinaposhushwa na vinapopakiwa.

Hatua ya 8: Majirani na serikali ya mtaa. Mjulishe mjumbe wiki moja kabla. Kama muziki utavuka jioni, uliza ofisi ya mtaa utaratibu wa kibali.

Hatua ya 9: Ratiba. Shukrani, chakula, keki, zawadi, picha. Chakula kitangulie hotuba. Mtu mwenye njaa hasikilizi historia ya ndoa.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Fildi: Mkuu asante, sijasoma yote niko kazini. Watu 60 mchele kilo ngapi?

Mleta somo: Hatua ya 5, mstari wa kwanza.

Binti Tanga: Samahani kaka, kwetu maji ni mara mbili miaka yote na pilau linachambuka. Hii moja na nusu umeitoa wapi?

Mleta somo: Mnapikia mchele gani, na sufuria ya kilo ngapi?

Binti Tanga: Basmati, kilo 2 hivi.

Mleta somo: Basi umejijibu. Basmati iliyokaa ghalani inakunywa sana, na kilo 2 bado ni sufuria ya nyumbani. Mimi nimeandika kilo 4, mchele wa hapa. Sijasema mama zako wanakosea.

Mjukuu wa Kyela: Shikamoo mkuu. Swali la kutaka kujua tu: kwa nini pilau la wengine ni kahawia limekolea na langu linatoka jeupe, na viungo ni vilevile?

Mleta somo: Marahaba, swali zuri hili. Rangi haitoki kwenye viungo, inatoka kwenye kitunguu. Watu wanakatishwa tamaa na muda: kilo moja ya vitunguu huchukua dakika 20 hadi 25 kufika kahawia, kwa sababu lazima maji yake yaishe kwanza ndipo kianze kuungua sukari. Wengi wanaweka saumu kikiwa bado cha dhahabu. Fanya hivi: kata vitunguu vyembamba vilingane, mafuta yawe ya moto kweli, usiweke chumvi mwanzoni kwa sababu inavuta maji. Kikifika rangi ya ganda la karanga simama hapohapo, usiende kupokea simu, kutoka hapo hadi cheusi ni dakika moja. Kisha mwagia kikombe cha supu, ukwangue chini ya sufuria. Ile supu inageuka kama chai ya rangi, na ndiyo inayopaka mchele. Kikiungua kikawa cheusi, mwaga uanze upya. Uchungu wake haufichiki hata kwa nazi.

Mjukuu wa Kyela: Ubarikiwe. Na nikishachelewa, juu pabichi, chini panaanza kunukia moshi?

Mleta somo: Toa moto wote wa chini. Weka sufuria juu ya mchanga uliolowana, chini papoe. Nyunyiza nusu glasi ya maji YA MOTO juu, funika na majani, palia makaa juu peke yake, robo saa. Ukipakua usifike chini. Ukikwangua harufu inapanda sufuria nzima.

Mpenda Ukoko: Mnaotupa ukoko Mungu anawaona.

Dada wa Muscat: Jamani mimi niko Oman, jubilei ya wazazi Agosti sitafika. Nikituma mchango naona unapotelea kwenye kapu. Nifanyeje nami nionekane?

Mleta somo: Dada, usitume "mchango", beba kitu kimoja chenye jina: keki, au sare za wazazi. Mlipe muuzaji mwenyewe, risiti itumwe kwa mweka hazina. Kuonekana kwa simu: nyinyi mko mbele saa moja, keki ya saa 8 huku kwako ni saa 9. Mtu mmoja apewe kazi ya kushika simu tu, betri imejaa, asimame mbali na spika. Salamu zako rekodi siku moja kabla uzitume, mtandao ukikatika zichezwe hizo.

Mama Mlezi: Naongezea. Sisi jubilei tuliifanya ya kipwani: mikeka badala ya viti kwa vijana, kanga badala ya kitenge. Doti moja ni vipande viwili, mabinti wawili wamevaa, hakuna fundi. Chagueni jina la kanga kwa makini, lisomwe lote kabla ya kulipa.

Mleta somo: Shikamoo mama. Hili la jina lisisitizwe. Majina ya mafumbo mengine ni ya kusutana, usimvishe mama mkwe wa mtu.

Kijana wa Fildi: Sasa nimesoma. Na watu 100 je? Nizidishe tu maji?

Mleta somo: Zidisha sufuria, usizidishe ndani ya sufuria. Kilo 13 na nusu, sufuria tatu za kilo 4 na nusu, za lita 30. Kila moja na mtu wake wa kuisimamia.

Kijana wa Fildi: Sufuria moja kubwa ya kukodi si rahisi zaidi?

Mleta somo: Ni rahisi kukodi.

Mtaa wa Pili: Mkuu, sisi jana tumemaliza salama, pilau limesifiwa. Ila mwenye viti anasema vimepungua vitatu na anataka alipwe. Inakuwaje hapo?

Mleta somo: Mlivihesabu vinaposhushwa?

Mtaa wa Pili: Hapana, tulikuwa jikoni.

Mleta somo: Mlipeni.